Historia ya Marehemu Antipasi, Mpiga Gitaa

Pale Nduguti, upande wa pili wa barabara inayopanda kwenda ofisi mpya za wilaya, kuna kijiwe kinaitwa Telani. Benchi lake ni ubavu wa tela la trekta lililokufa zamani. Tela lenyewe watu walishalimaliza kwa kung'oa kimoja kimoja, ukabaki ubao huo mrefu uliopachikwa juu ya matofali. Mwenye jiko ni Amne. Anaweka birika la kahawa kwenye makaa, anazamisha vikombe ndani ya beseni la maji, anafunika kashata kwa nailoni ili vumbi lisizile kabla ya wateja, na jua likianza kulegea wanaume wanakuja mmoja mmoja. Mwezi wa nane upepo wa huku hauna adabu, unabeba mchanga na maganda ya alizeti na kumwagia mtu kikombeni, lakini hakuna anayehama. Hapo huongelewa mpira, siasa, ng'ombe waliopotea, na mtu yeyote ambaye hayupo. Siku hiyo ambaye hayupo alikuwa Antipasi. Mwili ulikuwa bado hospitali ya Kiomboi, ungeletwa asubuhi, na maziko yalikuwa kesho.

Simeoni alifika mapema kuliko kawaida yake, akakaa mwisho wa benchi, upande unaoelekea moshi, ambako siku nyingine hakubali kukaa. Marehemu alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Amne hakumsumbua kwa maneno. Alimpa pole kwa mara nyingine, akammiminia, akarudi kupepea jiko lake.

Nyumbani kulikuwa kumejaa. Wanawake walikuwa mikekani, wanaume kwenye viti vya kukodi chini ya turubai, na kila aliyeingia alimshika mkono akasema yale yale aliyosema wa kabla yake. Hayo angeyavumilia. Kilichomtoa nyumbani ni Kristina, mjane. Asubuhi alimwita pembeni, penye mlango wa jikoni, akamwambia akiwa hamtazami usoni:

— Shemeji, historia utaisoma wewe. Naomba isomwe yote. Wasije wakamzika kama mtu aliyekuja hapa kulima alizeti tu.

Simeoni alikubali haraka, kama mtu anavyomkubalia mfiwa kila anachoomba. Alipobaki peke yake ndipo alipogundua ameahidi kitu ambacho hana. Mwanzo aliujua: Antipasi alizaliwa Kinampanda, akabatizwa, akasoma kidogo, akatengeneza gitaa la galoni na nyuzi za breki za baiskeli, akawa anawachezesha vijana wenzake mpaka mama yao akakata tamaa ya kumpeleka shambani. Mwisho pia aliujua: alirudi nywele zimeshaingia mvi, akamwoa Kristina, akapewa kipande cha shamba huku Nduguti, akalima, akazeeka, akaanza kukohoa. Katikati hapo, tangu mwaka ule watu walipokuwa wanahamishiwa vijijini hadi siku aliyorudi, kulikuwa na maisha mazima ya mtu. Alikuwa Nairobi anapiga gitaa. Hilo kila mtu alilijua. Zaidi ya hilo Simeoni alikuwa na vipande vichache tu alivyookota kwake, wengine hawakuwa na kitu. Kristina naye alimkuta ameshaacha.

Ndiyo maana Simeoni alikuja Telani. Pale palikuwa na watu waliokaa na kaka yake kwenye ubao mmoja kwa miaka. Alidhani labda kuna kitu aliwaambia wao ambacho hakumwambia yeye.

Wa kwanza kufika alikuwa Obadia, wanayemwita Waziri kwa kuwa hajawahi kuulizwa jambo akasema silijui. Akafuata Mughwai, Mnyaturu wa Sepuka aliyeoa hapa, jina lake la kijiweni ni Dishi, maana husema yeye hukamata habari ambazo wengine hazijawafikia. Mwisho akaegesha pikipiki yake Deo, kijana wa bodaboda, akaamkia wote shikamoo, akaitikiwa, akamwomba Amne amchajie simu. Kwa sababu hiyo wanamwita Chaji.

Simeoni akawaeleza shida yake bila kuzunguka. Kesho atasimama mbele ya padri na watu wote, anatakiwa aseme kaka yake alifanya nini duniani. Anayejua chochote amsaidie.

Walinyamaza kidogo kwa heshima. Kisha Obadia akasogeza kofia yake nyuma, na hapo ikajulikana kwamba heshima imeshakwisha muda wake.

— Simeoni, mimi nikwambie ukweli, kaka yako alikuwa staa. Staa mkubwa.

— Wa nini? Deo akauliza.

— Wa muziki wa soul. Ule wa Wamarekani weusi, wa kuimba kama mtu anaumwa. Miaka ile Nairobi vijana walikuwa wanauiga mpaka nywele. Antipasi alikuwa humo ndani, mbele kabisa.

— Sasa kama alikuwa mbele, mbona mtandaoni hayupo? Mimi nimeshamtafuta, mzee. Nimeandika Antipasi gitaa, Antipasi Nairobi, wanatokea mapadri tu.

Obadia hakutikisika. Alisema Deo anatafuta jina la ubatizo, na staa gani anapanda jukwaani na jina la ubatizo. Kule alijiita kwa Kizungu. Antipasi likageuzwa likawa Toni Pasi. Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayetoa siri ya serikali, na Simeoni akamuuliza kama jina hilo alilisikia kwa marehemu mwenyewe. Obadia akajibu kwamba mambo mengine mtu hayasikii, anayapima.

Simeoni akanywa kahawa yake. Alijua hilo halipo. Kaka yake hakuwahi kuwa mbele ya kitu chochote. Hata kanisani alikuwa anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango.

Mughwai alikuwa anangoja zamu yake. Akaanza kwa kusema Waziri anadanganywa na muziki, na muziki ulikuwa koti tu la kuvaa juu.

— Mpaka wa Kenya ulipofungwa, watu wetu wote walirudi. Wengine waliacha hadi masufuria motoni. Yeye akabaki. Kwa nini abaki?

— Kazi, Simeoni akasema.

— Hapo hapo. Kazi ya nani? Mtu anabaki nchi ya watu, mpaka umefungwa, hakamatwi, haulizwi. Yule alitumwa, jamani. Gitaa lina tundu kubwa katikati. Ninyi mlidhani lile tundu ni la nini? Mle ndani kulikuwa na redio ya upepo. Anapiga, huku habari zinakwenda Dar.

Deo akacheka mpaka akamwaga kahawa kwenye suruali. Amne aliyekuwa hajasema kitu akasema gitaa la umeme halina tundu, amemwona mpigaji wa harusini. Mughwai akasema basi hilo ndilo la hatari zaidi.

Simeoni hakucheka. Huo mwaka wa mpaka ulikuwa mwaka wa mama yao. Aliugua mvua zikiwa zinaanza, akafa mtama ukiwa haujakomaa, na hapakuwa na njia ya kumfikishia mtu habari kule ng'ambo. Walimzika wakisema Antipasi ataambiwa na Mungu. Aliambiwa na dereva wa lori aliyepitia njia za porini, wakati huku matanga yameshaanuliwa na nguo za marehemu zimeshagawiwa. Miaka mingi baadaye, wakipura alizeti wawili tu, Antipasi alimwambia kwamba siku aliyopewa taarifa alikuwa na wimbo wa kurekodi mchana. Akaenda. Simeoni akamuuliza uliwezaje. Akajibu kwamba wimbo ulikuwa wa huzuni na mwenye studio alisema siku hiyo amepiga vizuri. Kisha akaendelea kupura.

Hilo Simeoni hakulisema pale Telani. Aliona likitoka mdomoni mwake litageuka kuwa hadithi ya Mughwai.

Wenzake walishapanda zaidi. Deo sasa alikuwa ameacha kucheka na ana nadharia yake mwenyewe, na ya vijana siku hizi ni moja: masoni, wale wa Freemason. Alisema kwa wasanii wakubwa ndivyo inavyokwenda, mtu anaitwa kwenye chumba chekundu, anaambiwa achague kimoja, jina au utajiri. Antipasi akatoa jina. Ndiyo sababu hakuna santuri iliyoandikwa jina lake, hakuna picha, hakuna kitu. Jina limekwenda.

— Na utajiri? Obadia akauliza. Nyumba yake tunaiona, ni bati za kuokoteza.

— Ndiyo hapo alipodhulumiwa, mzee.

Obadia akatafakari akaona kuna kitu ndani yake. Akaunganisha: huenda lile jina liliuzwa kwa Mmarekani. Kuna Mmarekani mahali fulani anatembea na vidole vya Antipasi, anapiga, dunia nzima inampigia makofi, na mwenye vidole huku anapalilia. Akaapa aliwahi kumwona Antipasi akishindwa kufunga kifungo cha shati, na sasa anaelewa kwa nini. Amne akasema mzee wa watu alikuwa na baridi yabisi. Hakusikilizwa.

Ikawa kila mmoja anapandisha juu ya alipofika mwenzake. Simeoni alikuwa amezoea. Hivi ndivyo Telani ilivyo, na siku nyingine naye humwaga yake. Kaka yake alipokuwa hai alikuwa anaketi hapo hapo, mikono katikati ya mapaja, akisikiliza watu wakimtunga. Wakimuuliza, anatabasamu. Wakimwita Mzee wa Nairobi kwa kebehi, maana alirudi mikono mitupu, anatabasamu vile vile. Simeoni alikuwa anaona ni upole. Siku hiyo, akiwa kwenye moshi, aliwaza kwamba labda mtu akizoea kulipwa kwa kutoonekana, baadaye hajui tena pa kuanzia kujionyesha.

Ndipo Mughwai, akiona wenzake wamempita, akasema lile neno.

— Mimi nitasema, mtanisamehe. Huyu tunayemzika kesho siye Antipasi.

Deo akatazama chini.

— Antipasi wa kweli alifia kule kule, Mughwai akaendelea, ila sauti ilikuwa imepungua. Aliyerudi ni mtu mwingine. Alijua habari zake, akaja akakaa mahali pake. Fikirini. Aliondoka mpiga gitaa, hapiti mahali bila ngoma kuanza. Amerudi mtu hajagusa gitaa hata siku moja. Mtu anaweza kuacha kitu kama kile?

Obadia akamwambia Dishi leo umevuka, mwenye msiba amekaa hapa. Mughwai akaomba radhi. Simeoni hakukasirika. Ndilo lililomshtua, kwamba hakukasirika. Katika maneno yote ya jioni ile, hilo moja lilimwingia kama kitu anachokijua.

Siku Antipasi aliporudi, Simeoni ndiye aliyekwenda kumpokea Kiomboi. Alisimama pale mabasi yanaposhushia watu, akawapitia abiria wote kwa macho, akamwona mzee mmoja mwembamba ameshika mkoba, akampita. Akaenda mpaka mlango wa basi, akachungulia ndani, hakuna mtu. Aliporudi, yule mzee alikuwa bado amesimama pale pale, anamtazama, hajamwita. Alikuwa amemwona akipita. Simeoni hajui mpaka leo kwa nini hakumwita. Walishikana mikono kama watu waliotambulishwa na mtu wa tatu, wakapanda gari la kuja huku bila kusema mengi.

Akaweka kikombe chini.

— Alikuwa Antipasi, akasema. Nitawaambia ninachokijua, ni kidogo.

Wakageuka wote. Simeoni si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo akiongea wanasikiliza.

Aliwaambia kwamba kaka yake hakuwa mtu wa bendi wala wa jukwaa. Alikuwa mpiga gitaa wa studio. Mwimbaji ameshapatikana, wimbo umeshatungwa, kinachotakiwa ni gitaa. Anaitwa, anaingia, anasikilizishwa mara moja, anapiga, anatoka, na mlangoni anapishana na mwimbaji mwingine anayeingia na wimbo wake, anaambiwa rudi. Nyimbo za soul walikuwa wanazirekodi mfululizo miaka ile, za Kiingereza, za Kiswahili, na nyingine zimechanganywa. Santuri ikitoka, mbele kuna picha ya mwimbaji, nyuma kuna jina la kampuni. Mengine hakuna.

— Hakuumia? Amne akauliza.

Simeoni akasema aliwahi kumuuliza hivyo hivyo, kama haikumuuma kupiga nyimbo zote zile asitajwe. Akamjibu jibu ambalo hakulielewa wakati ule: Ukinisikia sana, ujue nimekosea.

Obadia akarudia hayo maneno polepole, akatingisha kichwa. Hakuongeza lake.

Simeoni akamalizia. Baadaye vikaja vinanda vya mashine, vyenye gitaa ndani yake, vyenye ngoma ndani yake, vyenye kila kitu. Studio ikaita mara chache, kisha ikaacha kuita. Hakufukuzwa, kwa kuwa hakuwahi kuajiriwa. Alikaa akingoja kuitwa kwa muda mrefu mno, akikataa shughuli nyingine asije akakosekana wakimhitaji. Siku aliyoamua kurudi nyumbani hakuwa na gitaa la kurudi nalo. Watu humuuliza aliliuza wapi. Hakuliuza. Gitaa lilikuwa la studio tangu mwanzo.

Deo alikuwa anakwangua tope lililokauka kwenye kiatu chake. Mughwai akasema taratibu kwamba hayo hayo aliyosema yanatosha, ayasome kama yalivyo, yanatosha kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Simeoni akaona anaweza kusimama kesho. Hakuwa amepata mengi, lakini alikuwa na kitu cha kumpa Kristina.

Muda huo guta la magurudumu matatu likaja likasimama mbele ya benchi, limebeba spika mbili kubwa zilizofungwa kamba na jenereta limefunikwa kwa gunia. Akashuka binti wa rika la Deo, kilemba kichwani, uso umejaa vumbi la safari. Akawaamkia wote shikamoo, akauliza kwa Mzee Antipasi, palipo na msiba, anapita wapi. Obadia akamwonyesha, kisha akamwambia huyu hapa ndiye mdogo wake marehemu.

Binti akamwendea Simeoni akapiga goti kidogo, akampa mkono.

— Pole sana, baba. Naitwa Belinda, nimetokea Kiomboi, mimi ndiye mtu wa vyombo vya muziki vya kesho.

Simeoni akapokea pole. Belinda akasema ni vizuri amemkuta yeye, maana alikuwa na jambo la kuuliza na pale msibani asingejua amuulize nani. Alieleza kwamba kazi yake ni misiba na harusi, na misibani anaweka kwaya, kwaya zile zile, hata watu wameshazikariri. Lakini aliyempigia simu kumkodi alimdokeza kwamba marehemu alikuwa mwanamuziki, amepiga nyimbo nyingi zimerekodiwa. Tangu aanze kazi hajawahi kumzika mwanamuziki. Njia nzima alikuwa anawaza kwamba jeneza likitoka nje kwa ajili ya kuaga, badala ya kwaya, watu wamsikie mwenyewe. Macho yake yalikuwa na furaha ndogo aliyokuwa anaizuia kwa sababu ya msiba.

— Sasa baba, niweke wimbo gani aliopiga yeye? Nitajie hata mmoja. Nikipata jina nitautafuta usiku huu, nitaupata tu.

Belinda alidhani hawakusikia kwa ajili ya upepo, akarudia. Obadia alikuwa ameinamia kikombe chake kama kuna kitu kimezama ndani. Deo aliinuka akaenda kuchukua simu yake kwa Amne, akaishika, kisha akabaki ameishika tu, kwa sababu hata mtandao unahitaji uuambie unatafuta nini.

Simeoni alikuwa na jibu, ila halikuwa jina. Lilikuwa Jumapili moja, si zamani, hapo hapo Telani. Redio ya Amne ilikuwa wazi, mtangazaji anapiga nyimbo za kale za Kiingereza. Ukaja mmoja, mwanamke anaimba, sauti nzito, polepole. Antipasi alikuwa anapeleka kikombe mdomoni. Kikombe kikasimama njiani. Simeoni alikuwa karibu naye, bega kwa bega, akamsikia anasema kwa sauti ya chini, hamwambii mtu:

— Huyo mimi.

Simeoni aligeuka kutazama barabarani, akidhani kaka yake amemwona mtu anayefanana naye. Hakukuwa na mtu. Alipotaka kuuliza, kuna mmoja kwenye benchi, na hawezi kuapa kwamba hakuwa yeye mwenyewe, alimwambia Amne ageuze redio, mpira umeanza. Amne akageuza. Antipasi akanywa kahawa yake.

Sasa Simeoni akamwambia Belinda kwamba kuna wimbo mmoja, jina halijui, ni wa Kiingereza, anaimba mwanamke. Belinda akasema haidhuru, simu yake ina kitu cha kutambua nyimbo, auimbe kidogo tu, hata kwa kuguna. Akaisogeza simu karibu na mdomo wake.

Simeoni, mzee mzima, akafumba macho mbele ya watu akaanza kuguna. Alipata mwanzo wa sauti ya mwanamke, ikapanda, ikashuka, kisha ikaingia kwenye wimbo mwingine wa kanisani bila yeye kutaka. Akaacha, akaanza tena. Akajaribu kuguna lile gitaa, akagundua kwamba gitaa hakulisikia kabisa siku ile. Alimsikia mwanamke tu. Simu ikazungusha duara lake, ikazungusha, ikasema haijapata kitu. Belinda akamwomba ajaribu mara nyingine, kwa upole, kama anayemshika mzee mkono. Akajaribu. Simu ikaleta tangazo la sabuni.

— Basi baba, usijisumbue, Belinda akasema. Nitaweka kwaya. Ziko nzuri.

Akaaga, akapanda guta, akaelekea msibani. Amne akainua birika akalitikisa, likatoa sauti ya machicha. Akayamwaga kwenye mchanga pembeni ya jiko, wala hakuna aliyemuuliza kama atapika nyingine. Mughwai akasema kesho atawahi kuja kuchimba, na Deo akasema naye atakuja na jembe. Wakatawanyika jua likiwa bado liko juu ya mabati ya ofisi za wilaya.

Kesho yake Simeoni alisoma. Alisema alizaliwa Kinampanda, alisema alibatizwa, alisema alipiga gitaa Nairobi katika nyimbo za watu wengine, nyimbo nyingi, na wengi walioko hapa wamewahi kumsikia bila kujua. Watu wa nyuma walinong'ona. Kristina aliinua uso akamtazama, akingoja kinachofuata, na Simeoni akasoma kinachofuata, kwamba alirudi, akaoa, akalima. Kristina akainamisha uso tena.

Jeneza lilipotolewa Belinda akafungua spika. Ilikuwa kwaya ambayo Simeoni ameisikia kwenye kila msiba wa miaka ile, wanawake wanaanza, wanaume wanaitikia, anaijua mpaka mwisho. Akiwa anatembea nyuma ya jeneza kuelekea kaburini akasikia, ndani kabisa ya zile sauti, kuna gitaa. Lilikuwa linatembea polepole, haliwazidi waimbaji, haliwaachi. Hajawahi kulisikia kabla ya siku hiyo. Akamgeukia Obadia aliyekuwa pembeni yake amuulize ni nani huyo anayepiga, akaona Obadia analia, akaendelea kulisikiliza hadi walipofika na udongo ukaanza kutupwa.